Kumfundisha mtu anayeanza sifuri kutengeneza kolagi ya sauti: mkato kwanza, efekti baadae

Kolagi ya sauti ni vipande vya sauti ulivyorekodi sehemu mbalimbali, ukavikata, ukavipanga na kuvipandanisha mpaka vikaanza kusema kitu ambacho kila kipande peke yake kisingekisema. Bawaba ya mlango, pumzi ya mtu aliyetoka kukimbia, injini inayogoma kuwaka, mtoto anahesabu moja mpaka kumi alafu anasahau nane. Hamna lazima ya mdundo wala gitaa wala kujua kuimba, na ndo maana napenda sana kuifundisha, manake yeyote mwenye masikio na simu anaweza kuanza leo leo.

Nimekaa na vikundi vingi vya watu ambao hawajawahi kufungua programu ya kuediti sauti maishani mwao, wengine wanafunzi, wengine wastaafu, na kila kikundi kilichonishinda nilikuwa nimefanya kosa lile lile, niliwaonyesha efekti mapema, yaani vile vifaa vya programu vinavyobadilisha sauti yenyewe. Mgeni ukimfungulia menyu ya efekti siku ya kwanza ataweka mwangwi kwenye kila kitu. Mwangwi ni mtamu kweli, lakini unafunika mishono yote, kwaiyo baada ya wiki mbili mtu ana faili la dakika nne linalosikika kama liko ndani ya pango na hawezi kukuonyesha hata sehemu moja ambayo aliamua jambo mwenyewe. Kolagi inaishi kwenye mshono, pale sauti moja inapoachia na nyingine inapopokea. Kwaiyo mpangilio wangu siku hizi ni huu: sikiliza, rekodi, tupa, kata, panga, na efekti zije mwisho kabisa zikiwa zimechelewa.

Nimeandika kwa ajili ya yule anayetaka kufundisha, iwe ni darasa la watu kumi au mdogo wako mmoja tu. Kama unajifunza peke yako fuata hatua hizo hizo.

Vya kuandaa kabla watu hawajafika

Natumia Audacity. Ni ya bure, ipo ya Windows, macOS na Linux, na haidai kompyuta yenye nguvu. Ilianza kama kazi ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg pale chuo kikuu cha Carnegie Mellon, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2000, kwaiyo ni programu ya siku nyingi na mtu akikwama nyumbani hakosi wa kumuuliza. Vitufe nitakavyotaja humu ni vya toleo la 3, na kwenye Mac pale nilipoandika Ctrl wewe bonyeza Command. Kama una programu nyingine yenye traki nyingi, yaani mistari ya sauti inayopangwa mmoja juu ya mwingine, itumie tu, mkato ni mkato.

Iweke kwenye kila mashine siku moja kabla na uijaribu. Alafu ongeza na FFmpeg, kiongezo cha bure cha kufungulia aina nyingi za faili, hii usiisahau, manake simu nyingi zinarekodi faili za M4A na kwenye Windows na Linux Audacity haizifungui mpaka FFmpeg iwepo. Hapa ndo darasa la kwanza huwa linafia: watu wamerudi na sauti zao wana hamu, wanaburuta faili, programu inakataa, nusu saa inaenda kwenye kutafuta dawa na hamu imeshapoa. Njia nyingine ni kuwaambia watumie programu ya kurekodia yenye uwezo wa kusevu WAV.

Hedifoni za waya, kila mtu zake. Za Bluetooth zinachelewesha sauti, mtu anaona mstari umeshapita ndo anasikia mlio, na mkato haufundishiki ivo.

Hatua ya 1: Masikio kabla ya mashine

Kompyuta zifungwe. Kila mtu na karatasi na kalamu, dakika tano za kimya, aandike kila anachosikia. Dakika ya kwanza wanaandika vinavyopiga kelele, gari, mtu anaongea kwa mbali. Dakika ya tatu ndo mambo yanafunguka, mtu anaanza kusikia feni ina kijimlio kidogo kila inapozunguka, anasikia nguo ya jirani yake ikisuguana, anasikia tumbo lake. Usikatishe zoezi kabla ya dakika tano hata kama wanachekana, kicheko kinaisha chenyewe.

Wakimaliza waambie wafute jina la kitu waandike jina la mlio. Na hapa Kiswahili kinatubeba sana, tuna hazina ya maneno ya milio ambayo wengi waliyakariri shuleni kwa ajili ya mtihani na hawakuyatumia tena: kishindo, mvumo, mchakacho, mtutumo, mkwaruzo, ngurumo. Na tanakali sauti, chubwi, kacha, puu. Mtu akiandika "mlango" anabaki na mlango. Akiandika "mkwaruzo mrefu unaopanda alafu kacha" tayari ameshaanza kutunga, manake mkwaruzo unaweza kukutana na mkwaruzo mwingine wa kitu tofauti kabisa, zipu kwa mfano, au kisu kwenye sahani, na pale zinapokutana ndo kolagi inapozaliwa.

Hatua ya 2: Kurekodi

Wape kazi ndogo yenye mpaka, sauti 10 tu, kila moja kati ya sekunde 10 na 30. Usipoweka mpaka watakuletea saa nzima ya barabara.

Mambo ya kuwaambia kabla hawajatoka:

- Simu iwekwe kwenye hali ya ndege, la sivyo meseji itaingia katikati ya sauti nzuri kuliko zote.
- Sogea karibu. Kitu kidogo kama funguo au karatasi, sentimita 10 mpaka 20 toka kwenye maiki. Wageni wote wanarekodi kwa mbali, wanaogopa, alafu wanashangaa mbona sauti haina mwili.
- Usiishike simu kwa vidole vinavyohama hama, kila kidole kinasikika. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa.
- Nje kwenye upepo ikinge kwa mwili wako au ifunge kitambaa chepesi, soksi safi inafanya kazi vizuri tu. Mvumo wa upepo kwenye maiki hautoki baadae.
- Anza kurekodi, hesabu kimya kimya mpaka tatu, ndo ufanye mlio. Mwisho pia, acha mlio ufe wenyewe, hesabu tatu, ndo usimamishe. Utashukuru wakati wa kukata.
- Kila sehemu rekodi sekunde 30 za ukimya wa pale pale. Chumba hakinyamazi kabisa, kila chumba kina ukimya wake, na huo ukimya utautumia kuziba mapengo.

Sauti za watu waombe ruhusa kwanza, na uwaambie utaifanyia nini. Mtu akikataa imeisha. Muziki wa watu usiuguse kwa kuanzia, una wenyewe kisheria na zaidi ya hapo unamnyima mwanafunzi kazi, wimbo ukishaingia kila mtu anausikiliza wimbo. Akikosa sauti fulani kabisa aende Freesound, hazina iliyoanzishwa mwaka 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, humo kila sauti imeandikwa leseni yake: zenye CC0 unatumia bila masharti, nyingine lazima utaje aliyerekodi, na nyingine haziruhusu biashara. Asome kabla ya kupakua. Lakini nusu ya kolagi ya kwanza ziwe sauti alizorekodi mwenyewe, hili huwa silegezi.

Kutuma toka simu kwenda kompyuta tumia waya kama upo. Kama ni kwa WhatsApp, faili litumwe kama hati. Ujumbe wa sauti wa kawaida unabanwa sana na unarudi umekonda.

Hatua ya 3: Kuingiza na kupanga nyumba

Folda moja kwa kila mtu. Ndani yake folda ya sauti ghafi ambayo hamna ruhusa ya kuifuta kitu, na nyingine ya kazi. Majina ya faili yafuate mlio, kama "mkwaruzo_kiti_01", sio "Recording 47". Alafu fungua Audacity, sevu mradi kabla hujaingiza chochote, ndo uburute sauti zako ndani. Kila faili litakaa kwenye traki yake.

Kusevu mradi na kutoa sauti ni vitu viwili tofauti na lazima ukiseme hiki mara tatu. Mradi wa .aup3 ni jikoni kwako, unafunguka ndani ya Audacity tu. Kabla ya toleo la 3.0 lililotoka mwaka 2021 mradi ulikuwa faili dogo pamoja na folda ya data pembeni, na mimi nilishawahi kukopi faili nikaacha folda, mashine ile ikafutwa, na kazi ya mama mmoja aliyorekodi sauti za nyumba ya wazazi wake kabla haijauzwa ikapotea mikononi mwangu. Siku hizi kila kitu kipo ndani ya faili moja lakini bado kila mwisho wa kipindi nawasimamisha watu, kila mtu anakopi mradi wake na folda yake ya sauti ghafi kwenye flashi, ndo tunafunga.

Hatua ya 4: Kutupa

Hii ni fupi ila ni ngumu. Sikiliza kila traki mwanzo mwisho, bila kugusa kitu. Raundi ya pili, ukisikia sekunde ambayo imekushtua au imekupendeza ichague na mausi, bonyeza Ctrl+B uandike neno moja, alama itakaa chini ya traki. Zile zisizopata alama hazitumiki. Mtu mwenye dakika nne za sauti akibaki na sekunde 60 yuko vizuri. Watalia kwamba wametaabika kurekodi, waambie sauti ghafi zipo kwenye folda haziendi popote.

Hatua ya 5: Mkato

Hapa kaa muda mrefu, mimi natoa vipindi viwili vizima.

Kwanza ufundi wenyewe. Weka mstari pale unapotaka, bonyeza Ctrl+I, klipu, yaani kipande cha sauti kilichopo kwenye traki, inagawanyika mbili. Klipu unaihamisha kwa kushika kile kipande cha juu chenye jina lake na kuburuta. Ukiishika kwenye ukingo na kuvuta ndani inafupika, ukivuta nje inarudi kama ilivyokuwa, kwaiyo mtu asiogope kukata. Ctrl+1 inasogeza karibu, Ctrl+3 inarudisha mbali, spesi inacheza na kusimamisha, Ctrl+Z inafuta kosa.

Kuna jambo moja linawachanganya wote. Ukichagua kipande ukabonyeza Delete, pengo linajifunga na vyote vilivyo mbele kwenye traki ile vinasogea nyuma, kwaiyo mpangilio wote uliokaa nao saa nzima unavurugika. Ukitaka kipande kitoke na pengo libaki, tumia Ctrl+Alt+K. Ukitaka pawe kimya tu, Ctrl+L. Waandikie hivi vitatu ubaoni viwe vinaonekana muda wote.

Sasa zoezi. Chukua klipu mbili: kiti kinaburutwa sakafuni sekunde tatu hivi mpaka kinagota, na mtu anavuta pumzi ghafla. Tengeneza matoleo manne mbele yao, taratibu, wasikie kila moja mara mbili.

La kwanza: kiti kinamaliza, kinagota, ndo pumzi inakuja. Waulize wamesikia nini. Watasema kiti, alafu mtu.

La pili: kata kiti katikati ya mkwaruzo, pale kinapolia zaidi, na pumzi iingie papo hapo bila pengo. Sasa kimetokea kitu. Mtu amekatishwa, au ameona jambo, na kile kiti hakijafika kilikokuwa kinaenda.

La tatu: pumzi kwenye traki ya pili, ianze kama theluthi ya sekunde kabla kiti hakijagota. Hapa huyu mtu alijua kabla yetu.

La nne: kiti kinagota, sekunde moja na nusu ya ule ukimya wa chumba, ndo pumzi. Mara zote kwenye hili la nne kuna mtu darasani anavuta pumzi na yeye.

Klipu ni zile zile, hujaongeza efekti hata moja, na umepata hadithi nne. Baada ya hapo wape kila mtu klipu mbili zake mwenyewe atengeneze matoleo manne, na asiruhusiwe kuweka ya tatu mpaka amekuletea yote manne.

Watakapokuwa wanafanya watakuja kulalamika kwamba kuna "tak" ndogo kila wanapokata. Wavutie karibu sana waone mchoro wa wimbi lenyewe, linapanda juu ya mstari wa katikati na kushuka chini yake. Ukikata wimbi likiwa juu, spika inaruka kutoka pale juu kwenda sifuri kwa mkupuo na ule mruko ndo unaousikia. Dawa ziko mbili. Chagua kipande kabla ya kukata ubonyeze Z, kingo za uchaguzi zinahamia pale wimbi linapovuka mstari. Hiyo kwa stirio sio ya uhakika, manake pande mbili hazivuki sifuri kwa pamoja, kwaiyo dawa ya kweli ni fedi fupi, yaani sauti ipande au ishuke taratibu badala ya kuruka: chagua milisekunde 5 mpaka 10 za mwanzo wa klipu uweke Fade In, na za mwisho Fade Out. Ni fupi mno, kwenye sauti ya kawaida ya sampuli (vipimo vidogo vya wimbi) 44,100 kwa sekunde, milisekunde 10 ni sampuli 441 tu, sikio halisikii kama kuna kitu kimepunguzwa ila ile "tak" inapotea.

Zoezi la pili la mkato nalipenda kuliko yote. Mwaka 1948 kule Paris fundi wa redio ya Ufaransa, Pierre Schaeffer, alikuwa anatunga kwa sauti za kawaida akitumia santuri, tepu alikuwa hana. Katika kuhangaika huko akagundua kwamba kengele ukiiondolea pigo lake la mwanzo, ukabakiza mlio unaofuata, haitambuliki tena kama kengele, inasogea kwenye sauti ya chombo cha kupuliza. Fanyeni hivo hivo. Rekodini glasi au sufuria ikigongwa na kijiko mara moja, mlio ufe wenyewe. Vuta karibu utaona pigo lenyewe, kile kilima kilichosimama wima mwanzoni. Kata uondoe kama sekunde 0.1 ya kwanza, weka fedi ndogo ya kuingia, cheza. Darasani huwa kimya kidogo, alafu mtu anasema rudia. Schaeffer alihitaji vifaa vya kituo kizima cha redio kulifikia jambo hili, mwanafunzi wako analipata kwa Ctrl+I moja, na kuanzia hapo hatoiangalia tena sauti kama kitu kisichogusika.

Hatua ya 6: Kupanga

Traki tatu tu kwa kolagi ya kwanza na urefu sekunde 60 mpaka 90. Traki ya chini ni sakafu, sauti ndefu isiyobadilika sana, mvumo, mvua, ukimya wa chumba. Ya katikati ni matukio. Ya juu ni sauti ya kitu chenye uhai, pumzi, mtu, nyayo, hata kama inatokea mara mbili tu.

Wengi wanajaza. Wakiona nafasi tupu kwenye skrini wanaiona kama kosa, wanaweka kitu. Waambie wafumbe macho wakisikiliza, hili sio la utani, skrini inadanganya sana. Na waondoe sakafu kabisa angalau mara moja kwenye kazi yao, ghafla, kwa sekunde mbili. Msikilizaji alikuwa ameshaisahau ile mvua, ikikatika ndo anajua ilikuwepo.

Kurudia rudia nako kunasaidia. Schaeffer alikuwa na santuri ambayo mfereji wake umefungwa ukawa duara, sindano inazunguka pale pale na kipande kile kile kinarudi bila mwisho. Wewe kopi kipande cha sekunde moja kwa Ctrl+C ukipesti mara nane mfululizo. Hata kama ni kikohozi, ikifika mara ya nne kinaacha kuwa kikohozi kinakuwa mdundo. Mara nane zinatosha, alafu kivunje.

Kulia na kushoto kila traki ina kitelezo chake pembeni. Tumia kidogo kidogo, na kitu muhimu usikibane upande mmoja kabisa, manake kuna watu watasikiliza kwa hedifoni moja.

Hatua ya 7: Efekti, na ziwe tatu

Sasa ndo nafungua ile menyu, na hata hapo natoa tatu tu.

Kugeuza nyuma mbele. Inafaa zaidi kwenye sauti zenye pigo, zinakuwa zinavimba kuelekea kwako alafu zinakatika. Kwa maneno ya mtu nawazuia mwanzoni, inasikika kama mchezo.

Kupunguza kasi. Ukiiteremsha iwe nusu, sauti inakuwa ndefu mara mbili na inashuka oktava nzima. Funguo zinakuwa minyororo. Maji ya bomba yanakuwa kitu kikubwa kinachotembea. Jaribu na Paulstretch pia, efekti ya kurefusha sauti, kama unataka sakafu, inachukua sekunde tano inaivuta mpaka dakika nzima ya mvumo.

Mwangwi, na sharti ni kwamba utaje chumba unachokijenga. Kabla ya Schaeffer kulikuwa na Mmisri, Halim El-Dabh, mwaka 1944 aliazima mashine ya kurekodia kwa waya toka kituo cha redio cha Cairo, akaenda kurekodi wanawake kwenye ngoma za zar, za kupunga pepo, alafu akarudi kituoni kuifanyia kazi sauti ile kwa kutumia mwangwi wa vyumba vya pale na kuirekodi upya. Alikuwa na vyumba vya kweli. Mwanafunzi akiniambia "nataka mwangwi" namuuliza huyu mtu yuko wapi, bafuni, kanisani, kwenye korido ndefu? Akishajua, anaweka kwenye klipu moja ile tu na nyingine zote zinabaki kavu, na tofauti hiyo ndo inaleta umbali.

Nje ya hizo tatu kuna ile ya kuondoa kelele, Noise Reduction. Inafanya kazi kwa raundi mbili: unachagua kipande chenye kelele tupu unachukua sampuli yake, alafu unachagua sauti nzima unairudia efekti. Ndo maana ule ukimya wa sekunde 30 ni mali. Weka desibeli 6, ukizidisha sauti inaanza kububujika kama iko ndani ya maji. Mara nyingi naiacha kabisa, feni ya chumbani ni sehemu ya chumba.

Hatua ya 8: Kupima

Kila traki peke yake ipo sawa lakini zikichezwa pamoja zinajumlishwa, na mita ikigusa sifuri sauti inapasuka. Cheza yote mwanzo mwisho ukiangalia mita, kilele kisipite desibeli -3. Ikizidi teremsha traki zote kwa pamoja kwa kiasi kile kile. Pale unapotaka sauti moja inyanyuke na kushuka ndani yake tumia kifaa cha F2, unaweka vidoti juu ya klipu unavivuta. Mngurumo wa chini chini unaochafua, high-pass ya 80 Hz, chujio linalozuia sauti za chini ya hapo, inauondoa. Alafu sikiliza kwa spika ya simu, sauti nzito zitapotea, na kama kolagi yote ilikuwa inategemea hizo utajua hapo hapo.

Hatua ya 9: Kutoa faili na kusikilizana

Ctrl+Shift+E. Toa WAV ya biti 16 kwa kuhifadhi, hiyo kwa stirio inakula kama MB 10 kwa dakika, na MP3 kwa kutuma kwa watu. Jina la faili liwe na jina la kazi na namba ya toleo.

Alafu wakae duara, taa zizimwe kama inawezekana, kila kazi ichezwe mara mbili bila mwenyewe kuieleza kwanza. Hili la kutoeleza nalishikilia sana, manake mtu akisema "hii ni kuhusu upweke" wote watasikia upweke. Baada ya kucheza naruhusu swali moja tu kwa wasikilizaji: ni sekunde gani umeshtuka au umetegea sikio zaidi? Mwenye kazi anaandika zile sekunde bila kujibu wala kujitetea.

Kipindi kimoja kijana alisikia watu wanne kati ya sita wakitaja sekunde ya 38, na pale palikuwa na mkato ambao yeye aliuona umekosewa, mlango ulikuwa unaingia juu ya nyayo, mapema mno. Alikuwa ameshapanga kuurekebisha usiku ule. Akarudi kwenye kompyuta, akauacha kama ulivyo, akahamisha kila kitu kingine kilichokuwa kinaupa kisogo, nyayo za kabla zikapungua toka sita mpaka tatu, mvua ikakatika nusu sekunde kabla. Akacheza tena.